Kiini cha Nafaka na Chakula cha Jioni



Sisi tunaoishi hapa Bloomington tunazijua jioni za siku za kazi. Mmoja anarudi kutoka zamu ya uwanja wa ndege, mwingine anajiandaa kwenda hotelini, na mtoto ana njaa. Ndipo mkono unapokwenda kwenye boksi. Kabla ya kulilaumu boksi hilo, tujue lilikotoka, maana asili yake iko jirani yetu kabisa.

Mwendo mfupi wa gari kuelekea kaskazini, kando ya maporomoko ya St. Anthony katika mto Mississippi, vimo vinu vilivyoifanya Minneapolis iongoze dunia kwa kusaga ngano tangu 1880 hadi 1930. Kinu cha Washburn A kilijengwa mwaka 1874. Tarehe 2 Mei 1878 vumbi la unga lilishika moto, kinu kikalipuka, na wafanyakazi 18 wakafa. Kilipojengwa upya, mawe ya kusagia yakaachia nafasi rola za chuma.

Sisi tuliosomea uhandisi twaona uzuri wa kazi ile. Jiwe husaga punje yote pamoja. Rola huipasua hatua kwa hatua, pumba na kiini vikachekechwa pembeni. Kiini kina mafuta, na mafuta huchacha. Kikiondolewa, unga huwa mweupe, hukaa miezi mingi na husafiri mbali. Lakini nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini huondoka pamoja nacho na pumba. Ndiyo maana kuanzia 1941 wasagaji wa Marekani walianza kutia vitamini B na madini ya chuma katika unga mweupe: walikuwa wakirudisha sehemu ya kile walichokitoa.

Wenye kinu hicho, Washburn-Crosby, ndio waliobuni mwaka 1921 jina la Betty Crocker, mama asiyekuwepo, ili kujibu barua za wateja kuhusu mapishi. Mwaka 1928 kampuni ikaingia katika General Mills, nayo mwaka 1971 ikasambaza Hamburger Helper: tambi kavu na unga wa mchuzi, unaongeza nyama ya kusaga, sufuria moja, basi. Kwa mama aliyetoka kazini amechoka ilikuwa nafuu ya kweli. Tusimcheke.

Nasi kwetu tulipita njia hiyo hiyo. Mahindi yenyewe ni mgeni kutoka bara hili la Amerika. Yalifika pwani yetu baada ya kuja kwa Wareno. Kabla yake babu zetu walikula mtama, uwele na ulezi. Kisha zikaja mashine za kukoboa, sembe nyeupe ikawa chakula cha mjini, na dona ikahesabiwa na wengi kuwa chakula cha bweni na cha jela. Leo, tukikutana harusini au msibani, mazungumzo ya sukari na presha hayakosekani.

Sababu kubwa ya kuondoa kiini ilikuwa kuhifadhi. Lakini katika nyumba zetu za hapa friza ipo. Dona ikiwekwa humo haichachi upesi. Tunaponunua unga wa mahindi, tusome mfuko: ukiandikwa kwamba kiini kimetolewa, hiyo ni sembe.

Wepesi nao tuutafute mahali pengine. Kinachokula muda jioni ni kuchemsha, basi kuchemsha kufanywe Jumapili. Loweka maharage Jumamosi usiku, yachemshe kesho yake, yagawe katika vibakuli vinne na uyagandishe. Jumatatu yaunge kwa nazi. Jumatano kwa nyanya na karoti. Jumanne ni samaki wa kuoka, mchicha na ugali wa dona. Alhamisi pika kunde, ambazo huiva upesi. Kunde zinazouzwa hapa nazo zina historia: zilivuka bahari kutoka Afrika wakati wa biashara ya watumwa, mahindi yakielekea kwetu. Ijumaa watoto wachague.

Mwaka 1975 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai, na wazazi wetu wakakaa vikundi vikundi kuisikiliza. Watoto wetu hawana redio ile. Wana meza yetu, na watakachokizoea hapo ndicho watakachowapikia wajukuu wetu.