Samaki, Maziwa ya Ng'ombe na Ngoma: Ukoo na Ugomvi katika Karagwe

Wengi wanaoandika habari za falme za kale za Karagwe na jirani zake huanza na ngoma, mkuki na kiti cha enzi. Hawakosei, maana ndivyo wazee walivyopenda kuzisimulia. Lakini yako mambo ambayo ngoma haiyatangazi, na chungu cha jikoni huyatangaza. Katika Karagwe chakula kilimtambulisha mtu, na samaki alikuwa miongoni mwa vile vilivyowatenga watu kwa ukali.

Nyakatuntu leo ni kata ya wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka wilaya ya Karagwe mwaka 2012. Mto Kagera unaipakana wilaya hiyo upande wa magharibi na wa kaskazini, ukiitenga na Rwanda na Uganda. Nchi ni ya vilima na mabonde, na katika mabonde mna mafunjo na maji ya kambare. Basi hapana awezaye kusema kuwa samaki walichukiwa kwa sababu ya uhaba wao. Walikuwapo karibu, waliowakataa waliwakataa kwa kujua.

Wenyeji, yaani Wanyambo, walikuwa wakulima wa migomba, mtama na maharagwe; pamoja nao walikaa wafugaji, Wahima. Juu ya wote walitawala Wahinda, wanaojihesabu kizazi cha Ruhinda, ambaye masimulizi husema aliutwaa utawala kwa Nono wa ukoo wa Basita. Kila ukoo ulikuwa na omuziro wake, yaani kitu ambacho watu wake walikatazwa kukila au kukidhuru; wa Wahinda ni tumbili. Lakini mwiko wa samaki haukuwa wa ukoo mmoja. Ulikuwa wa maisha ya ufugaji yenyewe, na kiini chake kilikuwa maziwa ya ng'ombe.

Ushahidi tunao kwa mkono wa mgeni. John Hanning Speke alifika kwa Mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, na katika kitabu chake cha mwaka 1863 alieleza kuwa hakuweza kupata maziwa hata kwa kununua. Alikuwa amesikia kwamba mtu aliyekula nguruwe, samaki, kuku au maharagwe, akionja maziwa, angewaletea ng'ombe maangamizi. Alipomuuliza mfalme, Rumanyika alimjibu kuwa ni maskini tu wanaofikiri hivyo, akamtengea ng'ombe mmoja kwa ajili yake na watu wake.

Jibu hilo lastahili kupimwa. Mwenye makundi makubwa aweza kumtoa ng'ombe mmoja ajaribiwe. Mwenye ng'ombe wawili, ambao ndio mahari ya mwanawe na chakula cha nyumba yake, hawezi. Kwa hiyo mwiko ambao msafiri aliuona kuwa ushirikina mtupu ulikuwa pia bima ya mnyonge. Wakati huohuo ulikuwa ukuta: uliamua nani anywe kutoka kibuyu cha nani na, kwa hiyo, nani ahesabiwe mwenzetu.

Je, ukuta huo ulileta amani ndani yake? Historia ya nyumba ya kifalme yajibu kwamba haukuleta. Ndagara, baba yake Rumanyika, alipofariki, wanawe waligombea urithi. Speke alisimuliwa kuwa ngoma ndogo yenye uganga iliwekwa mbele yao, na ni Rumanyika peke yake aliyeweza kuinyanyua. Lakini ngoma haikumaliza ugomvi. Ndugu yake, ambaye Speke anamwita Rogero, alipigana naye, na Rumanyika akasaidiwa na Musa Mzuri, mfanya biashara Mhindi wa Tabora. Tazama jambo hili: ndugu wa baba mmoja, waliokua kwa maziwa ya zizi moja na kushika miko ileile, walipigana, na aliyeleta msaada ni mgeni asiyekuwa wa zizi hilo wala wa miko hiyo.

Baada ya Rumanyika kufariki mambo yalizidi kuwa mabaya. Henry Morton Stanley, aliyepita huko mwaka 1889, aliandika aliyoambiwa kuhusu Kakoko, aliyenyakua enzi: kwamba aliwaua ndugu zake 17 na kumpofua mdogo wao, hata naye akauawa kwa mkuki akiwa amelala kwa ulevi wa pombe ya ndizi. Hata kama hesabu ya msimulizi yaweza kupunguzwa, maana yake haipungui. Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Katika Karagwe ya miaka ile mwenye jembe naye hakupata nafasi ya kulima kwa utulivu.

Mnamo mwaka 1891 tauni ya ng'ombe ilikuwa imekwisha kuzifagia nchi hizi. Makundi yalipokufa, maziwa ambayo mwiko uliyalinda yaliadimika. Tangu hapo ukuta ulianza kubomoka, si kwa amri ya mtu, bali kwa njaa, kisha kwa barabara na soko. Mafuta ya dukani na karai vilileta upishi mpya. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea. Viwanda vikachukua minofu kwa kuiuza ng'ambo, na mapanki, yaani mifupa iliyobaki na vichwa, yakakaangwa na kuliwa na watu wa hali ya chini. Samaki wa kukaanga hamwulizi mlaji ukoo wake.

Hata hivyo mto uleule ulileta mwiko wa pili. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, Kagera iliichukua miili ya waliouawa mpaka Ziwa Viktoria, na katika pwani ya ziwa upande wa Uganda watu wengi waliacha kula samaki. Mwiko huo hakuurithi mtu kwa babu yake. Uliletwa na watu waliofundishwa kuamini kwamba jirani ni wa asili nyingine, na kwamba asili yatosha kuwa hatia.

Ndiyo sababu mwanafunzi wa historia hana budi kuichunguza miko ya kale kwa heshima na kwa tahadhari pia. Kumjua babu na omuziro wake ni elimu njema, na kuidharau ni kupoteza hazina. Bali Karagwe yatuonyesha kwamba kula pamoja hakukuwazuia ndugu wasiuane, na kutokula pamoja hakukumlinda mtu yeyote. Mfalme aliyemtoa ng'ombe wake mmoja kwa mgeni mla kuku na maharagwe alilijua jambo hilo kabla yetu. Wanawe hawakulijua, na nyumba yake ikalipa.