Njia ya Ujumbe kutoka Buhehe hadi Funyula

Kutoka Buhehe unaweza kwenda Funyula kumwona shangazi na kurudi siku hiyohiyo. Kuna Wasamia huku Uganda na Wasamia kule Kenya, kwa kuwa mpaka ulitukuta tukiwa tayari ndugu. Hadi mwaka 1902 nchi yote kutoka hapa mpaka Naivasha ilihesabiwa Uganda. Mwaka huo Waingereza wakaihamishia upande wa pili, na jamaa zetu wakawa watu wa nchi nyingine bila kuhama.

Miaka ya 2000 nilikuwa mhudumu wa saiba, yaani duka la intaneti, mjini Busia, upande wa Uganda. Wateja wengi waliwaandikia jamaa walio ng'ambo ya mpaka, nami nikataka kujua barua pepe zao zinapitia wapi. Chombo cha kuulizia kilikuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, Van Jacobson wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, alipoandika programu ya traceroute. Kila pakiti ya data hubeba nambari ya uhai wake. Kila ruta, yaani mashine ya kuelekeza data njiani, ikiipokea hupunguza moja. Nambari ikifika sifuri, ruta huitupa pakiti na kumpelekea mtumaji taarifa yenye anwani ya mahali ilipofia. Basi unatuma pakiti ya uhai wa hatua moja, kisha mbili, kisha tatu, na ruta za njiani zinajitaja moja baada ya nyingine.

Niliielekeza kwenye seva iliyokuwa Nairobi. Hatua za kwanza zilikuwa Kampala. Iliyofuata ilichelewa zaidi ya nusu sekunde, na majina yakawa ya Ulaya, ndipo Nairobi ikatokea. Kuchelewa huko kulikuwa safari ya setilaiti, kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe wa Msamia kwa Msamia ulipanda angani, ukatua Ulaya, ukapanda tena, ukashuka Kenya, na safari yote ililipiwa kwa dola. Ndiyo maana mteja wetu alilipa kwa dakika, na mwanafunzi aliweza kuondoka barua yake haijaisha.

Umbali haukuhusika. Kampuni za huku na za kule zilinunua intaneti ng'ambo kila moja kivyake, wala hazikuwa na mahali pa kukabidhiana data. Hata ndani ya Kenya ilikuwa hivyo, hadi mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni za intaneti za Nairobi zilipoanzisha kituo cha KIXP ili data ya wenyeji ibaki nyumbani. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha data ya kimataifa, ikalalamika, na baada ya wiki mbili hivi mdhibiti akakifunga. Wenyewe hawakukata tamaa; kilifunguliwa tena Februari 2002. Nawaheshimu sana watu wale, kwa maana walipigania jambo ambalo mtumiaji wa kawaida hawezi kuliona. Kampala nayo ilipata kituo chake, UIXP.

Simu zilitangulia kuvuka mpaka: Septemba 2006 kampuni ya simu ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, mteja akavuka bila kutozwa gharama za ugenini. Julai 2009 kebo ya baharini ya SEACOM ikawashwa, TEAMS ikafuata, na nyaya za nchi kavu zinazoilisha Kampala zikapita hapa kwetu, Busia na Malaba.

Leo nikipima kutoka Buhehe hadi kwa mpwa wangu Funyula, Ulaya haimo tena. Lakini data bado huenda kwanza Kampala, takriban kilomita 200, inarudi kuvuka mpaka, inaendelea hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 400, ndipo irudi Busia ya Kenya.

Februari 2018 marais wa nchi zetu mbili walizindua kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia, ili lori likaguliwe mara moja tu. Data yetu inastahili vivyo hivyo. Wadhibiti wa mawasiliano wa Kampala na Nairobi, nawaomba mkae pamoja mtuwekee kituo cha kukabidhiana data papa hapa mpakani. Nyaya zimeshafika; kilichobaki ni makubaliano yenu.