Reginald Mengi: Alianza na biro kwa keja, akaishia kumiliki TV

Kama umewahi kukesha ukicheki ngoma za Bongo kwa EATV, ujue hiyo stesheni ilikuwa ya buda mmoja wa Kilimanjaro, Reginald Mengi. Pata rada yake.

Mengi alizaliwa Machame, kwa familia ya watoto saba. Mwenyewe alisema walikuwa wanalala kwa nyumba ya udongo pamoja na ng'ombe na kuku. Masomo yakampeleka Uskoti, akawa mhasibu. Aliporudi Tanzania 1971 akaingia kampuni ya Coopers & Lybrand, akapanda hadi akawa bosi.

Sasa sikia hapa. Miaka ya 80, Tanzania ilikuwa na uhaba wa vitu kibao, hadi biro ilikuwa ngori kupata. Mengi akaleta vipande, akaanza kuunganisha biro kwa keja yake. Na hakuacha kazi! Alishikilia ofisi hadi 1989, wakati hustle ya kando tayari ilikuwa imesimama.

Hapo ndipo IPP ilitoka. Ikaleta sabuni, ikaingia kwa soda na maji ya Kilimanjaro kupitia Bonite Bottlers ya Moshi. 1994 akazindua ITV na Radio One, halafu kuna magazeti kama Nipashe. 2014 Forbes walikadiria ana dola milioni 560.

Doo hakukalia peke yake. Kila mwaka aliwaalika watu wenye ulemavu kula naye, alilipia watoto wa moyo wakatibiwe India, na akapigania upandaji wa miti Kilimanjaro. Vijana nao aliwapa pesa za kuanzisha biashara kupitia shindano la mawazo kwa Twitter.

2015 alimuoa K-Lynn, mwanamuziki aliyekuwa Miss Tanzania 2000. Harusi ilifanyika Mauritius, na wakabarikiwa na mapacha. Mengi aliaga Dubai mwezi wa tano 2019.

Lakini stori haikuishia kaburini. Familia ilipelekana kortini juu ya wosia, na 2021 Mahakama Kuu ikautupilia mbali. Huyu ni mtu aliyeishi kwa kukagua hesabu za wengine! So wewe unayesaka chapaa, jifunze mambo mawili: usiharakishe kuacha job kabla hustle ishike, na makaratasi yako yapange mapema, wakili akiwepo.