Jinsi RAM Ilivyopata Umbo Lake

Katika miaka ya 1950 na 1960, kumbukumbu ya kompyuta ilitengenezwa kwa pete ndogondogo za sumaku zilizotungwa kwenye nyaya, na kila pete ilihifadhi biti moja tu. Kumbukumbu hiyo haikupoteza data hata umeme ulipozimwa. Hata hivyo, kuitunga kulihitaji mikono mingi na muda mrefu, hivyo bei yake ilibaki juu.

Mwaka 1966, Robert Dennard, mhandisi wa IBM nchini Marekani, alibuni namna ya kutunza biti moja kwa transista moja na kapasita moja. Mwaka 1970 Intel iliingiza sokoni chipu ya 1103 yenye biti 1,024, ingawa yenyewe bado ilitumia transista tatu kwa kila biti. Muundo wa Dennard ulienea baadaye. Chipu hizi zilikuwa na udhaifu wa pamoja: chaji ya kapasita huvuja kama maji kwenye ndoo yenye tundu, na sharti ijazwe upya mara nyingi kila sekunde. Ndiyo maana RAM, yaani kumbukumbu ya aina hii, husahau kila kitu umeme unapokatika.

Kompyuta ya IBM PC ilipotoka mwaka 1981, chipu za kumbukumbu zilipangwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta kwa safu za tisa tisa: nane za data, na ya tisa ya kukagua makosa. Mpangilio huo ulikula nafasi kubwa. Isitoshe, chipu zilizochomekwa kwenye soketi zilipata joto na kupoa kila siku, zikasogea juu kidogo kidogo, hadi fundi akalazimika kufungua kasha na kuzikandamiza moja moja kwa kidole gumba.

Ufumbuzi ulikuwa kuzihamishia chipu kwenye kibao chembamba kinachochomekwa kwa wima. Kibao cha namna hiyo, SIMM, kilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wapo wanaotilia mkazo nafasi iliyookolewa, na wapo wanaosema faida kubwa ilikuwa urahisi wa kuongeza kumbukumbu. Sababu zote mbili zina ukweli, lakini ya pili ndiyo iliyomgusa mnunuzi, kwani sasa aliweza kuongeza RAM bila kununua kompyuta nyingine.

Kuanzia hapo, umbo la kibao lilifuata upana wa njia ya data ya prosesa. SIMM ya pini 30 ilipitisha biti 8 za data kwa wakati mmoja, na ile ya pini 72 ikapitisha 32. Pentium ya mwaka 1993 ilihitaji biti 64, kwa hiyo SIMM za pini 72 zilichomekwa mbili mbili. DIMM ya pini 168 iliondoa usumbufu huo, kwa kuwa kibao kimoja kilitosha.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 njia zilitengana. Intel iliunga mkono RDRAM, aina ya kumbukumbu ya kampuni ya Rambus, na watengenezaji wengi wa chipu wakaelekea DDR, iliyopitisha data mara mbili katika kila pigo la saa ya kumbukumbu. Pentium 4 ilianza mwaka 2000 ikitumia RDRAM, lakini miaka michache baadaye DDR ilikuwa imetawala. Rambus ilidai kwamba washindani walikula njama dhidi yake. Ni kweli kwamba Samsung, Hynix na Infineon zilikiri nchini Marekani kosa la kupanga bei za chipu. Hata hivyo, mwaka 2011 baraza la mahakama huko California lilikataa madai ya Rambus dhidi ya Hynix na Micron. Maelezo yenye uzito zaidi ni ya kawaida: RDRAM ilikuwa ghali, ilitoa joto jingi, na ilidai ada ya leseni.

DDR nayo iliendelea kwa vizazi. Volti zilishuka kutoka 2.5 hadi 1.8 kwenye DDR2, 1.5 kwenye DDR3, 1.2 kwenye DDR4 na 1.1 kwenye DDR5. Kwa kuwa volti na mpangilio wa pini havilingani, pengo lililo ukingoni mwa kibao lilihamishwa katika kila kizazi, ili kibao kisiingie mahali pasipo pake.

Namba za kwenye lebo zinabeba historia hiyo. DDR-400 huitwa pia PC-3200: ni mipitisho milioni 400 kwa sekunde mara baiti 8, yaani megabaiti 3,200. DDR4-3200 ina kasi mara nane ya hiyo. Lakini tazama CL, idadi ya mapigo ambayo prosesa husubiri data ianze kutoka. DDR-400 ya CL3 husubiri nanosekunde 15. DDR4-3200 ya CL22 husubiri 13.75. Wahandisi walifaulu kuongeza wingi wa data inayopita, ila chaji ndogo ya kapasita bado huhitaji karibu muda uleule kusomwa. Kwa hiyo mnunuzi aulize kwanza kizazi, kisha ukubwa, na namba kubwa ya kasi asiipime bila kuangalia CL iliyo kando yake.