Uchukuzi wa nyama ya mawindo (Amerika ya Kaskazini)

Uchukuzi wa nyama ya mawindo ni kazi ya kuitoa nyama ya mnyama mkubwa mahali alipoangukia, mbali na njia yoyote ya gari, hadi kwenye barabara, mashua au ndege. Katika Milima ya Rocky na Alaska wawindaji wengi huingia porini bila wapagazi, hivyo kazi hiyo humwangukia aliyefyatua risasi pamoja na wenzake wawili watatu. Ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za uwindaji, na ndiyo inayosahaulika zaidi wakati wa kupanga safari.

Wanyama wanaohusika hasa ni wawili, wote wa jamii ya kulungu wa kaskazini: wapiti, ambaye dume lake hufikia kilo 300 na zaidi, na musi, mrefu wa miguu na mpana wa pembe, ambaye dume lake huko Alaska huwa na kilo 540 hadi 725. Idara ya samaki na wanyama ya jimbo hilo hukadiria kwamba musi wa kilo 725 hutoa kilo 227 hivi za nyama. Tuseme ameangukia kilomita 5 kutoka mtoni, na mwindaji yuko peke yake akibeba kilo 38 kwa mara moja. Atahitaji mizigo 6. Akijumlisha na kurudi mikono mitupu, atakuwa ametembea kilomita 55 kwenye matope na vichaka. Ndiyo maana wenyeji wa kazi hii huamua kabla ya kulenga: mnyama aliyesimama ng'ambo ya bonde la pili huachwa aende zake, hata awe na pembe za namna gani.

Kuchuna na kukata

Adui wa kwanza ni joto. Mnyama hufa akiwa na joto la nyuzi 38 hivi, amevikwa manyoya mazito yaliyokwisha kujiandaa kwa baridi kali, na mchana wa Septemba huko Colorado unaweza kuwa wa jua kabisa. Nyama ya paja ni nene, na katikati yake, karibu na kiungo cha nyonga, joto hunaswa kwa saa nyingi. Hapo ndipo uvundo huanzia, mfupani, wakati nje nyama bado inaonekana nzuri. Dawa yake ni kuchuna mapema, kutenganisha mapaja na kiwiliwili, na hali ya hewa ikiwa mbaya, kupasua paja hadi mfupani ili lipumue.

Wengi siku hizi hukata bila kupasua tumbo. Mnyama hulazwa ubavu, ngozi ikachanwa juu ya uti wa mgongo kutoka shingoni hadi mkiani, kisha ikachunwa kuteremka tumboni. Mkono wa mbele hutoka kwa wepesi wa kushangaza, kwa sababu hakuna kiungo cha mfupa kinachoushikilia kifuani. Kisu hupita tu kati ya bega na mbavu. Paja lina ubishi. Kisu hufuata mfupa wa nyonga mpaka kigonge kifundo cha mviringo, kano ikatwe, ndipo mguu uachie ghafla, na asiyejiandaa huanguka nao. Baada ya hapo hutolewa sarara ndefu iliyolala kando ya uti wa mgongo, shingo, na nyama ya mbavu. Sarara ya ndani, laini kuliko zote, hutolewa kwa kupapasa kupitia mwanya ulio nyuma ya ubavu wa mwisho. Mnyama hugeuzwa, na kazi huanza upya upande wa pili.

Kila kipande hutiwa katika mfuko wa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa na kuzuia nzi, kikatundikwa kivulini. Mfuko wa plastiki hufungia joto na unyevu, na ni njia ya haraka ya kuiharibu nyama.

Mgongo, farasi na ndege

Kifaa kikuu ni shanta lenye fremu, ambalo hulala karibu na mgongo na kuhamishia uzito nyongani. Asili yake imo katika ujuzi wa wenyeji wa Alaska: Lloyd Nelson, aliyesajili hataza ya ubao wake wa kubebea mwaka 1924, alianzia kwenye begi aliloazima kwao, la ngozi ya sili iliyowambwa kwenye fito. Mwaka 1952 Dick Kelty wa California alianza kuuza fremu za alumini. Kati ya watengenezaji wa leo wa mashanta ya wawindaji kuna kampuni ya Colorado iitwayo Kifaru, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa lilikotoka jina hilo.

Penye njia nzuri, farasi au baghala hubeba kilo 70 hivi katika shogi mbili, ambazo sharti zilingane uzito, la sivyo tandiko huzunguka na mnyama hujeruhiwa mgongo. Mkokoteni wa magurudumu ungeokoa migongo mingi, lakini Sheria ya Nyika ya Marekani ya 1964 hairuhusu magari wala vyombo vya magurudumu katika maeneo yaliyotengwa chini yake. Alaska, ambako barabara ni chache mno, nyama nyingi husafiri kwa mashua za mtoni na ndege ndogo kama Piper Super Cub.

Hatari ya dubu

Harufu ya damu huwaita dubu. Wazoefu huiondoa nyama penye matumbo mara moja, wakaitundika mahali panapoonekana kutoka mbali, na wanaporudi kuchukua mzigo wa pili huja wakipiga kelele. Anayelazimika kumwacha mnyama usiku kucha hurudi akiwa na wasiwasi wa haki: Septemba 2018, huko Wyoming, mwongozaji mmoja aliuawa na dubu akimshughulikia wapiti aliyepigwa mshale siku iliyotangulia.

Kwingineko

Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, Tanzania, hulitatua tatizo la uchukuzi kwa wingi wa watu: akiangushwa mnyama mkubwa, kambi hupelekewa habari, na wanaume kwa wanawake huenda kubeba. Rais mstaafu Theodore Roosevelt alipowinda Kenya mwaka 1909 alikuwa na wapagazi wapatao 200. Mizigo yao ilijumuisha tani 4 za chumvi, kwa kuwa kilichotakiwa Marekani kilikuwa ngozi za makumbusho.

Sheria

Kuacha nyama porini ni kosa katika majimbo mengi. Alaska ni kali zaidi: kwa musi, mwindaji hutakiwa kutoa mikono, mapaja, sarara, shingo, kidari na nyama ya mbavu, na katika baadhi ya maeneo sehemu fulani hubaki na mifupa yake mpaka zitoke porini, jambo linaloongeza uzito lakini linalopunguza udanganyifu. Anayeshindwa kutoa hata mapaja ya nyuma hufungwa si chini ya siku 7 na kutozwa faini isiyopungua dola 2,500. Pembe haziruhusiwi kutangulia nyama. Hutoka na mzigo wa mwisho.