Nyaraka za Siri na Haki ya Mgeni Mbele ya Mahakama

Barua ya tarehe 16 Januari 2013 iliyopanga kuwahamisha wakimbizi wa mijini nchini Kenya haikuandikiwa wakimbizi wenyewe. Ilitoka kwa Katibu wa Kudumu aliyesimamia usalama wa ndani kwenda kwa mwenzake wa Wizara ya Miradi Maalum. Ilisema msako ungeanza Januari 21, watu wakusanywe kwanza katika Uwanja wa Manispaa wa Thika, kisha wapelekwe kambini; awamu ya kwanza ililenga watu 18,000. 

Kituo Cha Sheria na wakimbizi kadhaa waliwasilisha kesi, na Julai 26, 2013 Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu akabatilisha agizo la serikali la kuwahamisha wakimbizi hao. Serikali ilijitetea kwa hoja ya usalama wa taifa. Jaji hakuona ushahidi uliounganisha ukaaji wa wakimbizi mijini na hatari iliyodaiwa. Mahakama ya Rufaa iliunga mkono uamuzi huo mwaka 2017.

Ushindi huo una jambo linalopitwa haraka na wachambuzi. Mpango wenyewe ulikuwa mbele ya mahakama, maneno yake yakisomeka. Katika mashauri mengi ya uhamiaji, anayefukuzwa hupewa matokeo tu; ripoti ya upelelezi na barua za ndani hubaki katika faili la idara. Jaji ataupimaje uamuzi ambao msingi wake hauoni?

Katiba ya 2010 inaonekana kutoa jibu, lakini mgeni akiisoma kwa makini atakuta mlango wa kwanza umefungwa. Kifungu cha 35 kinatoa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali kwa kila raia, si kwa kila mtu. Njia ya uchochoroni nayo ni hatari: mwaka 2017, katika kesi ya uchaguzi wa urais, Mahakama ya Juu ilikataa memo za ndani za tume ya uchaguzi kwa sababu walalamishi hawakuonyesha kwamba walizipata kihalali. Mgeni hawezi kuidai hati kama raia, na ikivujishwa huenda asiruhusiwe kuitumia.

Kinachomwokoa ni Kifungu cha 47, ambacho kinamlinda kila mtu. Sheria iliyotungwa mwaka 2015 kukitekeleza inamtaka mwenye mamlaka kumpa atakayeathiriwa taarifa na ushahidi utakaotegemewa, na inamruhusu mwathiriwa kuomba sababu za uamuzi pamoja na hati zinazohusika. Makali yake yako katika sehemu ya 6: sababu zisipotolewa, mahakama huchukulia kwamba uamuzi ulifanywa bila sababu ya maana, hadi serikali ithibitishe vinginevyo. Kwa hiyo kunyamaza kunaigharimu idara iliyonyamaza.

Ni kweli zipo siri halali. Jina la mtoa habari likitajwa hadharani, anaweza kuuawa. Lakini siri ya chanzo haihalalishi siri ya tuhuma nzima. Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa mwaka 2007 utaratibu wa kumzuilia mgeni kwa ushahidi asioweza kuujibu, na majaji wa Baraza la Malodi la Uingereza walisema mwaka 2009 kwamba mtu aliyewekewa vizuizi kwa tuhuma za ugaidi lazima aambiwe kiini cha madai kiasi cha kumwezesha kumwelekeza wakili wake. Kipimo hicho kinatosha kutumika Nairobi pia: majina yafichwe, madai yasomwe.

Wakili wa mgeni hana budi basi kuandika ombi lake chini ya sheria ya 2015 mapema, akitaja hati anazozitaka, na kuhifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Bila ombi hilo, dhana ya sehemu ya 6 haina pa kuanzia.