Mlinda Mlango Katika Historia ya Kandanda Yetu

Ni desturi ya watoto wetu, Mkuyuni mjini Mwanza kama kwingineko nchini, kwamba wanapogawana pande za kuchezea mpira, yule anayedhaniwa kuwa hajui kucheza huambiwa akasimame golini. Desturi hii imetujengea mazoea ya kuliona lango kuwa mahali pa asiye na kipaji. Historia ya kandanda yetu inatufundisha kinyume chake.

Serikali ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, na Baraza la Michezo la Taifa likaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, michezo ilihesabiwa kuwa sehemu ya urithi wa taifa. Wachezaji wa miaka ile walikuwa wa ridhaa. Wengi walijipatia riziki viwandani, katika mashirika ya umma au majeshini, na jioni wakaenda mazoezini. Mlinda mlango hakuwa na mshahara wa kudaka mipira. Malipo yake yalikuwa heshima ya watu, na heshima hiyo iliweza kupotea kwa kosa moja.

Watu wa Mwanza walilishuhudia jambo hilo tarehe 10 Agosti 1974, Simba na Yanga zilipokutana katika Uwanja wa Nyamagana, si mbali na Mkuyuni, kuwania ubingwa wa taifa. Adam Sabu aliifungia Simba bao la kwanza. Mchezo ulipokaribia kwisha Gibson Sembuli akaisawazishia Yanga, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga bao la ushindi. Majina ya wafungaji hao watatu yanatajwa hadi leo. Lakini ni wangapi wanaotaja kwamba walinda mlango mashuhuri wa timu hizo katika miaka ile walikuwa Athumani Mambosasa wa Simba na Elias Michael wa Yanga? Bao huandikwa, mpira uliookolewa hauandikwi popote. Dunia nzima ina kasoro hiyo: tangu tuzo ya Mpira wa Dhahabu ianzishwe huko Ulaya mwaka 1956, mlinda mlango aliyewahi kuipata ni mmoja tu, Lev Yashin wa Urusi, mwaka 1963.

Mwaka uleule wa 1974 Simba ilifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Afrika, ikatolewa kwa mikwaju ya penalti na Mehalla ya Misri. Miaka sita baadaye, Taifa Stars ilipokwenda Lagos kushiriki Kombe la Mataifa ya Afrika, Mambosasa alikuwamo kikosini pamoja na Juma Pondamali, ambaye mashabiki walimwita Mensah, jina la mlinda mlango hodari wa Ghana. Mwaka 1993 Simba, ikiwa na Mohamed Mwameja golini, ilitoka sare ya bila kufungana mjini Abidjan katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la CAF. Lakini Stella ikashinda mabao mawili kwa sifuri Dar es Salaam na kulitwaa kombe.

Ndipo likaja zamu la Juma Kaseja. Agosti 2003 Simba ilirudi Misri kupambana na Zamalek, waliokuwa mabingwa wa Afrika. Kila timu ilishinda nyumbani kwake bao moja kwa sifuri, penalti zikapigwa, na kwa uhodari wa Kaseja Simba ikavuka. Deni la 1974 likalipwa na mtu aliyesimama golini. Kufikia wakati huo mpira ulikuwa unageuka kuwa ajira, naye aliifanya kazi hiyo Simba, Yanga, Mbeya City, Kagera Sugar na KMC. Mwaka 2013 Simba haikuendelea naye, na wengi wakadhani amekwisha. Septemba 2019 alikuwa langoni mwa Taifa Stars ilipoitoa Burundi kwa penalti jijini Dar es Salaam, miaka 16 baada ya Cairo.

Hapana shaka kazi hiyo yataka akili. Lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na penalti hupigwa kutoka mita 11. Mlinda mlango hana budi kuusoma mguu wa mpigaji kabla mpira haujaondoka. Tangu mwaka 1992 sheria inamkataza kuudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake kwa makusudi. Kwa hiyo yampasa awe fundi wa miguu pia. Yule mtoto aliyepelekwa golini kwa kuwa hajui kucheza amepewa kazi inayodai ujuzi kuliko zote.

Basi mwalimu wa michezo amchague mlinda mlango kwa kipaji chake, na amfundishe mapema. Nao wanafunzi wa Mwanza wawaendee wazee waliokuwapo Nyamagana mwaka 1974, wawaulize habari za mipira iliyookolewa siku ile, na kuziandika. Mabao yamekwisha kuhifadhiwa. Yaliyozuiwa yamo vichwani mwa wazee tu, nao wazee hawatungoji.